Siku ya mawingu ndiyo siku ya somo

Julai hapa Nairobi tunaamka mawingu yamelalia mapaa ya Lang'ata. Wakufunzi wengi wa urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson huahirisha somo, mwanafunzi akaenda zake kunywa chai. Mimi ndiyo siku ninayomwita.

Tunaanza na penseli. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mawingu yakianzia futi 1,500 juu ya uwanja, hiyo ni 7,000. Vilele vya vilima vya Ngong, jirani na hapa, vinapita 8,000. Achore mwenyewe, aone vilima vimeshamezwa ilhali ripoti ya uwanja inasomeka vizuri tu. Kisha aandike kwenye karatasi ya kufunga pajani: mawingu yakishuka hadi futi ngapi, akiona mbele kilomita ngapi, anageuza. Aandike kwa wino, maana ukiwa angani namba unaanza kuibembeleza.

Siku ya anga safi namvisha kofia ya kumziba asione nje, asome vipimo vya ndege tu. Kugeuka kwa digrii 3 kila sekunde, dakika 1 umeelekea ulikotoka. Hilo kila mtu analijua kwa kichwa. Kwa hiyo nangoja awe anaongea na redio, ramani imemwangukia miguuni, ndipo nasema, "Wingu!" Mabawa sawa kwanza. Kisha geuka taratibu, mkono mwepesi, usishuke.

Halafu namwambia aache kazi nyingine zote, afumbe macho, aende moja kwa moja. Mimi nimekaa tayari. Akifumbua, ndege imelala upande, pua inatazama chini, naye alikuwa tayari kuapa kwamba tuko sawa. Sikio la ndani, linalotupa hisia ya usawa, ndilo limemdanganya. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo peke yake. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Lakini mtu haingii winguni kwa kukosa hesabu. Mimi niliwahi kutoka Maasai Mara jioni, abiria ana harusi kesho yake, mfukoni sina hata ya chumba. Niliiona Ngong haipo, nikasonga mbele bado. Niligeuza nimeshachelewa, jasho hadi kwenye soksi. Sasa mwanafunzi wangu haendi safari ndefu bila mswaki na pesa ya kulala, na kabla ya kuwasha injini anapiga simu nyumbani nikisikia: "Mama, huenda nikarudi kesho."