Kupanua mfumo wa faili kwenye safu kubwa ya diski, kuanzia tabaka la chini

Seva ninayoisimamia hapa Mji Mkongwe, Unguja, imehifadhi picha za nyaraka za kale, kanda za taarabu zilizogeuzwa kuwa faili za sauti, na mahojiano ya wazee wa visiwa vyote viwili. Ilikuwa na diski 6 za TB (terabaiti) 8 zilizofungwa pamoja kwa RAID 6, mpango unaozifanya diski nyingi ziwe safu moja inayostahimili kufa kwa diski mbili. Safu hiyo ilikuwa na TB 32 za kuwekea data, kwa kuwa ujazo wa diski mbili huchukuliwa na pariti, yaani hesabu za ziada za kurudishia data ya diski iliyokufa. Ilipofika TB 27, niliagiza diski mbili zaidi ili safu iwe na TB 48, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio nilioufuata kwenye Linux, kwa kutumia mdadm (programu ya kusimamia safu za RAID), LVM na mfumo wa faili wa XFS.

Kabla ya kuandika amri yoyote, inafaa kufahamu kwamba nafasi mpya haipandi juu yenyewe. Chini kabisa pana diski, juu ya diski pana safu ya RAID, juu ya safu pana LVM inayoigawa safu kuwa volyumu (mafungu ya nafasi), na juu ya volyumu ndipo ulipo mfumo wa faili ambao watumiaji wanauona. Kila tabaka hujua ukubwa lilioandikiwa tu, wala halitambui kilichoongezeka chini yake mpaka liambiwe. Mtu asiyelijua hilo huongeza diski, akatazama nafasi iliyopo kwa `df -h`, akakuta hesabu ni ile ile ya jana, akadhani kazi imeharibika na kuanza kurudia amri ovyo. Hapo ndipo data huangamia.

Nakala rudufu ndiyo ya kwanza, na RAID si nakala rudufu. RAID hukukinga na kufa kwa diski, lakini faili ikifutwa kwa makosa hufutika katika safu nzima kwa wakati mmoja. Nilitaka nakala yangu iwe Pemba, ili moto au maji yakiikuta nyumba moja, nyingine isalimike. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba TB 27 kupitia laini ya megabiti 20 kwa sekunde zingechukua siku 125 hata kama laini isingekatika kamwe. Kwa hiyo nakala ilisafiri kwa boti ndani ya diski za nje, kutoka bandari ya Malindi hadi Mkoani, ikiwa imefungwa kwa nywila na kufungashwa isipate maji ya chumvi. Ilipofika, tulifungua faili kadhaa na kulinganisha alama zake za `sha256sum`, ambazo hubadilika faili ikibadilika hata kidogo, na za huku. Nakala ambayo haijawahi kusomwa siihesabu kuwa ni nakala.

Diski mpya zinahitaji uangalifu wakati wa kuzinunua. Kuna aina iitwayo SMR, ambayo njia zake za kuandikia zimepandana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti moja la chini, sharti uyainue na kuyarudisha yaliyolilalia. Diski hizo zinafaa kuweka vitu visivyobadilika, lakini kazi ya RAID ya kuandika upya diski nzima huzichosha hadi mwendo ukawa wa kutambaa, na pengine mfumo ukaihesabu diski nzima kuwa mbovu. Mwaka 2020 ilibainika kwamba diski za namna hii zilikuwa zimeuzwa kwa ajili ya seva ndogo za hifadhi bila aina yake kutajwa, kwa hiyo tafuta namba ya modeli katika jedwali la mtengenezaji, wala usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Diski zikifika, zipime kabla ya kuziingiza (sdh ni jina ambalo Linux imeipa diski):

`smartctl -t long /dev/sdh`

Kipimo hiki huchukua saa nyingi kwa diski ya TB 8. Kikimalizika, soma majibu kwa `smartctl -a` na utazame mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, inayohesabu vipande vya diski vilivyoharibika au vinavyoshukiwa. Katika diski mpya yote miwili iwe sifuri, na isipokuwa sifuri, irudishe dukani. Zipime pia diski za zamani, kwa sababu kazi inayokuja itazisoma zote kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski iliyoanza kudhoofika kwa unyevu na chumvi ya hewa yetu mara nyingi hujidhihirisha wakati huo huo. Amri ya `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action` huikagua safu nzima (md0 ndilo jina lake), nami sianzi kupanua safu ambayo haijamaliza ukaguzi huo salama.

La umeme sisi wa visiwani hatuhitaji kulielezwa sana. Anayekumbuka mwezi mzima wa giza wa 2008, na miezi mitatu iliyoanza Disemba 2009, anajua kwamba waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ukikatika hakuna wa kumlilia. UPS yangu, yaani betri ya dharura, hubeba seva kwa dakika 25 tu, ambazo haziwezi kumaliza kazi ya siku mbili, ila zinatosha kuizima mashine kwa utaratibu. Hilo ndilo la kulipanga: UPS iunganishwe na seva ili iamuru izimwe yenyewe chaji inapopungua. Kazi ya kupanga upya data katika diski zote hurekodi mahali ilipofikia ndani ya diski zenyewe, na umeme ukirudi huendelea kutoka hapo.

Sasa amri zenyewe. Diski mpya hugawanywa kwa jedwali la GPT, yaani orodha ya mafungu ya diski, kwa sababu lile la zamani la MBR halivuki TiB 2 (TiB ni kipimo cha kompyuta kinachozidi TB kidogo) kwa diski zenye sekta za baiti 512, kisha huingizwa katika safu:

`mdadm --add /dev/md0 /dev/sdh1 /dev/sdi1`

Kwa hatua hii diski zimekuwa za akiba tu na ujazo haujaongezeka. Kinachoongeza ujazo ni hiki:

`mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=8 --backup-file=/root/md0.akiba`

Faili ya akiba lazima ikae kwenye diski iliyo nje ya safu, kwa kuwa kazi yake ni kulinda kipande cha mwanzo ambacho data yake huandikwa upya pale pale ilipo. Kama mashine itazimika ghafla na safu ikakataa kuamka, utaiunganisha kwa `mdadm --assemble` ukiitaja tena faili hiyo, kwa hiyo usiifute kabla ya kazi kwisha.

Maendeleo huonekana kwa `cat /proc/mdstat`. Kwangu mwendo ulikuwa kama megabaiti 40 kwa sekunde kwa kila diski, na kwa diski ya TB 8 hizo ni takriban saa 56. Unaweza kuuharakisha kwa kuongeza `dev.raid.speed_limit_min`, ambayo kwa kawaida huwa kilobaiti 1000 tu kwa sekunde, lakini watumiaji watahisi uzito. Mimi niliianza Alhamisi usiku ili Ijumaa na mwisho wa wiki viibebe. Data hupatikana muda wote, na diski moja ikifa njiani RAID 6 bado ina ulinzi wa diski nyingine. Kwa RAID 5 ulinzi huo usingekuwepo, na kwa ukubwa huu simshauri mtu yeyote aitumie.

Tabaka la RAID likimaliza, yaliyobaki ni ya dakika chache. LVM huarifiwa kwanza kuhusu safu, kisha volyumu huongezwa:

`pvresize /dev/md0`
`lvextend -L +10T /dev/hifadhi/nyaraka`

TB 16 zilizoongezeka ni kama TiB 14.5 kwa hesabu ya kompyuta, nami nilitoa 10 tu kwa makusudi. XFS hukubali kukua lakini kuipunguza ni jambo usilolitegemee, na nafasi iliyobaki katika LVM unaweza kuigawa wakati wowote kwa volyumu itakayoihitaji.

Mwisho ni mfumo wa faili, ambao kwa XFS hukuzwa ukiwa umepachikwa, na amri hutaja mahali ulipopachikwa:

`xfs_growfs /hifadhi/nyaraka`

Wenye ext4, mfumo mwingine wa faili wa Linux, hutumia `resize2fs` na kutaja volyumu yenyewe. Hao wajihadhari na mpaka wa TiB 16, ambao ulinikwamisha nilipopanua volyumu ya sauti iliyoundwa miaka mingi nyuma: mfumo wa ext4 wenye bloku za KiB 4 hauvuki hapo isipokuwa uwe na sifa ya `64bit`, na sifa hiyo imekuwa ya kawaida tangu e2fsprogs (zana za ext4) 1.43 ya mwaka 2016. Tazama kwa `tune2fs -l`. Isipokuwepo, ondoa volyumu mahali ilipopachikwa, ikague kwa `e2fsck -f`, kisha uigeuze kwa `resize2fs -b`. Kazi hiyo inahitaji huduma isimame, basi waarifu watu mapema.

Baada ya `df -h` kuonyesha ukubwa mpya, linganisha mstari wa safu katika `mdadm.conf` na majibu ya `mdadm --detail --scan`, uusahihishe kama umetofautiana, uunde upya initramfs (faili ndogo ambayo Linux huanza nayo inapowaka), kisha uwashe mashine upya ukiwa umesimama mbele yake. Andika namba ya kila diski kwenye kibandiko mbele ya trei yake, ili siku moja ikifa usije ukachomoa iliyo nzima. Safu yangu ya Pemba, inayokaa nakala rudufu, bado ni ya TB 32, na diski zake mbili zimeshaagizwa.