SOMO: Kusafisha msimbo (code) wa zamani bila kuua programu ya mteja

Mara ya nne juma hili naulizwa: "Mukubwa, nimerithi programu ya mtu, niifute nianze upya?" Hapana. Jibu ni hili, sitaliandika tena.

1. Weka kila kitu kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo wako. Haihitaji intaneti, kwa hiyo usinisingizie mtandao wa Bukavu.

2. Fungua tawi jipya (branch), njia ya pembeni ya kufanyia kazi bila kugusa msimbo mkuu.

3. Andika majaribio, yaani vijiprogramu vinavyokagua kama programu bado inatoa majibu yaleyale, KABLA ya kugusa hata mstari mmoja. Hapa ndipo nilipoungua. Duka moja la Kadutu, bei kwa dola, wateja wanalipa franga. Hesabu ya kubadilisha pesa ilikuwa imenakiliwa mahali saba. Nikaona zote ni pacha, nikaziunganisha kuwa fanksheni moja, nikalala nikijisifu. Kumbe ile ya mikopo ilitumia kiwango cha siku mtu alipokopa, si cha leo. Asubuhi madeni yote yamebadilika, mama mwenye duka anagombana na wateja wake wa miaka yote. Siku mbili nilikaa na daftari lake, tukirudisha deni moja moja.

Basi chukua risiti halisi kama ishirini, hasa zile za ajabu: mkopo, punguzo, bidhaa iliyorudishwa. Andika jibu ambalo programu inatoa LEO, hata ukiona limekosea. Kosa utalirekebisha siku nyingine, peke yake. Ukisafisha na kurekebisha kwa pamoja, hutajua kipi kimevunja.

4. Badilisha kidogo, endesha majaribio, hifadhi kwenye Git (commit). Rudia.

5. Futa msimbo uliokufa. Git inaukumbuka.

MASWALI

Kijana_Ibanda: Mukubwa, nimeunganisha, sasa jumla hazilingani. Haraka tafadhali!

Mwandishi: Majaribio uliandika?

Kijana_Ibanda: Bado, mteja anasubiri.

Mwandishi: Wangu pia alikuwa anasubiri. Namba 3.

Dada_Nguba: Jaribio langu moja linakataa: 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Nani anadanganya?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hakuna mwongo. Kompyuta inaandika namba kwa mfumo wa mbili, na humo 0.1 haina mwisho, kama theluthi moja isivyoisha kwa desimali. Pesa ziweke kwa senti, namba kamili: dola 12.50 ni 1250. Nukta iweke wakati wa kuonyesha tu.

Dada_Nguba: Na kiwango cha franga?

Mwandishi: Kihifadhi ndani ya kila muamala, na tarehe yake. Ningefanya hivyo, nisingelifahamu lile daftari kurasa zote.

Yaya_Seva: Nyongeza: hujui kosa liliingia lini? Tumia git bisect, amri inayogawa historia nusu kwa nusu mpaka iipate hifadhi iliyoleta kosa. Kati ya hifadhi 1000, hatua kama 10 unalikamata.

Mwandishi: Kweli, yaya. Ila anayehifadhi mara moja kwa mwezi ataonyeshwa mwezi tu.

Kijana_Ibanda: Nimeandika matano. La mkopo limekataa.

Mwandishi: Lilete hapa tulitazame.