Kugeuza aldihaidi kuwa asidi bila kuharibu molekuli nzima

Kama maabara yenu ina chupa ya benzaldihaidi ya siku nyingi, ifungue uangalie pale shingoni, utakuta fuwele nyeupe zimeganda. Ile ndo asidi ya benzoiki, oksijeni ya hewani imeshafanya kazi yenyewe. Yani aldihaidi (molekuli yenye kundi la CHO) kuoksidika ni rahisi sana, ugumu ni kuioksidisha yenyewe tu, vingine vyote kwenye molekuli vibaki vilivyo.

Wengi wanakimbilia pamanganeti ya potasiamu sababu ndo waliyofundishwa. Kwa benzaldihaidi sawa. Ila sinamaldihaidi ina bondi dabo ya kaboni kwa kaboni, pamanganeti haiiachi salama hiyo, unaweza kujikuta umebaki na vipande. Dikromati nayo inaleta kansa, mi siishauri kabisa.

Tumia sodiamu kloraiti, NaClO2, na usome lebo vizuri maana kloreti ni NaClO3, kitu kingine kabisa. Hii ndo oksidesheni ya Pinnick, na mimi napenda ile ya kutumia haidrojeni peroksaidi. Yeyusha aldihaidi kwenye asetonaitrili, ongeza maji yenye NaH2PO4 (chumvi ya fosfeti) ili pH ikae kwenye 4 hivi, weka peroksaidi moli 1.05 kwa kila moli 1 ya aldihaidi, poza mpaka nyuzi 10, halafu ndo udondoshe kloraiti uliyoyeyusha kwenye maji, moli 1.4, tone kwa tone huku inakorogwa, hata masaa mawili, usiharakishe.

Peroksaidi ya nini? Kila aldihaidi inayogeuka inaacha asidi haipoklorasi, na hiyo ndo mharibifu, inarukia bondi dabo inapachika klorini, na ikikutana na kloraiti inazaa klorini dayoksaidi. Peroksaidi inaiwahi, vinatoka oksijeni na HCl (asidi haidrokloriki). Ndo maana utaona mapovu, na ndo maana chombo hakizibwi hata siku moja. Mapovu yakikata, kazi inaelekea kuisha, hakikisha kwa TLC, ile kromatografia ya bamba jembamba inayoonyesha kama aldihaidi bado ipo. Unjano ukianza kukolea ujue klorini dayoksaidi inajikusanya, ni gesi ya sumu na inaweza kulipuka, acha kudondosha kwanza upoze, na kazi yote hii ifanyikie ndani ya kabati la kufyonza hewa, miwani na glavu umevaa.

Mwisho weka sodiamu salfaiti kidogo kuua kioksidishaji kilichobaki, KISHA ndo HCl mpaka pH 2. Ukianza na HCl kloraiti iliyobaki inageuka ile gesi ya njano, tafadhali usigeuze huo mpangilio. Asidi ikiganda ichuje, isipoganda ivute kwa ethili asetati. Kama bado ina aldihaidi, ikiwa ndani ya ethili asetati tikisa na maji ya baikaboneti, asidi itahamia kwenye maji, aldihaidi itabaki juu kwenye ethili asetati, tenga hayo maji uyatie HCl taratibu maana yanafoka.

Asidi ya sinamiki, ile inayotoka kwa sinamaldihaidi, inayeyuka nyuzi 133. Yako ikiyeyuka chini ya hapo, anza kwa kuikausha vizuri zaidi upime tena, mara nyingi ni maji tu.