Kutafuta Kaburi la Askari wa Keya Aliyefia Burma

Familia nyingi za Afrika Mashariki hujua tu kwamba babu alikwenda Burma (sasa Myanmar) na Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, asirudi. Taarifa hiyo yatosha kuanzia, kwani askari wa Uingereza waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia wameorodheshwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo orodha yake husomwa bure kwenye intaneti.

Kwanza waulize wazee na upekue makaratasi ya nyumbani. Kinachotafutwa hasa ni namba yake ya jeshi, ambayo huenda imo katika barua ya serikali iliyoleta habari za kifo. Namba ina uzito kuliko jina, maana makarani waliandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia. Asiye na namba ajaribu kila tahajia, abadilishe r na l, atafute hata jina la baba peke yake, kisha apunguze matokeo kwa kuchagua kikosi cha King's African Rifles. Rekodi ikitaja baba na kwao marehemu, shaka huisha.

Ukiipata, angalia kwa makini mahali anapokumbukwa. Katika Taukkyan War Cemetery, kaskazini mwa Yangon, mna makaburi, na rekodi hutaja kitalu, safu na namba. Rangoon Memorial, iliyo katika uwanja huohuo, ina majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Aliyeandikwa hapo hutafutwa kwenye nguzo za ukumbusho huo, si kwenye mawe ya makaburi. Wengine wamezikwa Imphal, India.

Pia usidhani kwamba kila aliyepelekwa huko alifika. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki, na majina yao yako Nairobi War Cemetery, karibu na Ngong Road. Kwa hiyo itazame orodha ya Nairobi kabla ya kufikiria tiketi ya Myanmar, nchi ambayo tangu mapinduzi ya 2021 imo vitani na haifai kuendewa bila kuuliza hali ya usalama.

Jina likikosekana kabisa, iandikie Tume ukiambatisha nakala za barua, nishani au cheti chochote cha jeshi, na ubaki na nyaraka halisi.