Ukialikwa surströmming, acha koti jipya nyumbani

Nimeolewa kaskazini mwa Uswidi, pwani wanayoiita Höga Kusten, mwaka wa tisa sasa. Waswahili wenzangu wanaohamia huku hawaniulizi baridi. Wananiuliza lile kopo la surströmming, samaki aliyechachushwa.

Ndani yake mna strömming, samaki wa Bahari ya Baltiki, mkubwa kuliko dagaa, mdogo kuliko kibua. Huvuliwa majira ya kuchipua kabla hajataga, hutiwa chumvi kidogo mno, akakaa pipani hadi achachuke, kisha huwekwa koponi akiwa bado anachachuka. Sisi tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Huku hayo ndiyo mapishi. Mama yangu, mtu wa Tanga aliyenilea kwa ng'onda, nilipomsimulia kwenye simu aliuliza tu: "Kwani huko chumvi hakuna?" Nikamfikishia baba mkwe. Akacheka sana, akasema mama amepatia: zamani chumvi ilikuwa ghali, watu wakaibania.

Kopo lililovimba kwetu halinunuliwi. Hili likivimba ndiyo kwanza liko hai. Liweke kwenye friji hadi msimu ufunguliwe, Alhamisi ya tatu ya Agosti.

Sasa kufungua. Nje. Narudia, nje. Mwaka wangu wa kwanza nilijitia kumshangaza mume, nikafungulia jikoni. Fyuuu! Maji yakaruka hadi kwenye pazia, na jirani wa juu akaja kugonga akiuliza kama bomba la choo limepasuka. Pazia nililitupa.

Fanya hivi: jaza ndoo maji, simama upepo ukikupiga mgongoni, zamisha kopo huku umeliinamisha upande, utoboe pale palipo juu. Mapovu yakiisha ndipo ukate mfuniko wote. Kisha sogea kando, uwaache nzi wafike. Huwa wanawatangulia wageni.

Wale wa kwenye video za mtandaoni huchomoa samaki mzima, wakamtia mdomoni mbele ya kamera, wakatapika. Sijamwona Mswidi akila hivyo. Mlaze kwenye sahani, mpasue tumbo, toa utumbo. Mayai yakiwemo yaweke pembeni, maana baba mkwe huyagombania. Mgeuze mgongo juu, ukandamize kwa kidole gumba kutoka shingoni hadi mkiani, polepole, mpaka usikie mnofu umeachia. Mgeuze tena, shika mfupa kwenye mkia, vuta. Ukiwa na mkono mwepesi unatoka mzima kama zipu. Mnofu una rangi ya waridi iliyofifia, wala hautishi.

Chukua tunnbröd, mkate mwembamba kama chapati, paka siagi bila uchoyo. Panga viazi vilivyochemshwa (wenyewe wanataka mandelpotatis, vile vidogo virefu), kitunguu kibichi kilichokatwa vidogovidogo, na gräddfil, ambayo ni kama mtindi mzito. Samaki weka kidogo kuliko unavyodhani. Kunja, uma, upumue kwa mdomo. Utapata chumvi na ukali, kama ng'onda iliyokutana na jibini. Shombo inabaki puani, haishuki kooni. Wengi hushushia bia na pombe kali. Wapo wazee wa huku wanaoapa kwa maziwa baridi, na mimi niko upande wao.

Usijaribu kuwapelekea ndugu kwa ndege. Mwaka 2006 Air France na British Airways walipiga marufuku makopo haya, wakihofia yatapasuka.

Mifupa na utumbo tia kwenye mifuko miwili, funga, peleka jalalani usiku uleule. Koti litundike nje. Langu lilikaa barazani siku nne, nikadhani limetakata, nikalivaa kwenda mjini. Kwenye basi bibi mmoja alinusa, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwenu mmeshafungua?"