Mjumbe wa kamati anapodaiwa ada ya umoja wa wakazi: anzia kwenye daftari

Iwe Njiro, Moshono na Sakina hapa Arusha, au Shanty Town na Rau upande wa Moshi, ada ya umoja wa wakazi hulipia mambo yaleyale: mlinzi wa usiku, gari la taka, taa za njiani, umeme wa pampu kama kuna kisima cha pamoja, na moramu baada ya masika kuikomba barabara. Mkazi wa kawaida akichelewa kulipa, katibu anajua la kufanya. Akichelewa mjumbe wa kamati, kila mtu anatazama pembeni. Miezi mitatu ikipita hivyo, wengine nao wanalegeza mkono, kwa sababu kwenye mtaa wenye geti moja habari za nani halipi hazifichiki.

Wengi huanza na mtu: wanamnong'oneza mwenyekiti, au wanarusha kijembe kwenye kundi la WhatsApp. Anza na daftari.

Hakikisha deni ni deni

Kabla hamjatamka neno "unadaiwa", watu wawili ambao si yeye wakae na vitu vitatu: daftari la ada, taarifa ya akaunti ya benki au ya laini mnayopokelea malipo, na kitabu cha risiti. Wapitie mwezi mmoja mmoja kwa nyumba yake. Mara nyingi hapo ndipo yanapoibuka makosa ya upande wenu: pesa iliyotumwa kwa simu ya mke au mtoto, mhazini asijue ni ya nyumba gani, malipo ya miezi sita yaliyoandikwa kwenye mwezi mmoja, ada iliyopanda Julai lakini daftari likaipandisha tangu Januari, na pesa taslimu aliyoachiwa mlinzi getini "mfikishie mhazini". Hiyo ya mlinzi ipigeni marufuku kabisa, si kwa wajumbe tu.

Tafuteni pia muhtasari wa mkutano uliopitisha kiwango cha ada. Kama katiba yenu inasema ada hupangwa na mkutano mkuu, na kamati iliipandisha yenyewe kutoka Sh 30,000 hadi 40,000, ile Sh 10,000 ya juu msiidai. Mjumbe anayeijua katiba ataishikilia hiyo, na deni halali lote litazama nayo.

Kama anayedaiwa ndiye mhazini, msimwombe awaletee daftari alilolisahihisha yeye. Chukueni taarifa ya benki au ya laini moja kwa moja kupitia mtia saini mwingine, mlinganishe. Hapo mtenganishe mapema mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuchelewesha ada ya nyumba yake ni madai, na polisi hawahusiki. Kukusanya pesa za wakazi na kutozifikisha benki ni jambo jingine, tena zito zaidi, na halipaswi kufungwa kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo.

"Mbona mimi nilitoa mfukoni?"

Hii ndiyo hoja ya wajumbe, na mara nyingi ni ya kweli. Pampu iliungua Jumapili, mjumbe akampigia fundi, akatoa Sh 150,000 yake, maji yakarudi kabla ya jioni. Hakuandika popote. Miezi mitano baadaye anadaiwa Sh 200,000 na kichwani mwake hesabu ilishakwisha: "tumalizane juu kwa juu."

Msimalizane juu kwa juu. Si kwamba anadanganya. Mkikata deni kwa mdomo, matengenezo ya pampu hayaonekani popote kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na mhazini atakayefuata ataona nyumba moja imesamehewa ada bila sababu. Zichukulieni kama hesabu mbili. Kwanza aandike dai lake: tarehe, kazi iliyofanyika, jina na namba ya fundi, risiti au ujumbe wa muamala. Kisha dai lijadiliwe na kamati, yeye akiwa nje ya chumba. Likikubaliwa, mhazini anaandika hati ya malipo ya Sh 150,000 kwenye matengenezo, kisha risiti ya Sh 150,000 kwenye ada ya nyumba yake. Sasa amebakiza Sh 50,000, na kila mtu anaona zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Kama hana uthibitisho wowote, mpigieni fundi. Mafundi wa pampu hukumbuka kazi ya Jumapili.

Kuzuia hili lisirudi, wekeni kikomo cha dharura: mjumbe anaweza kutumia hadi kiasi fulani baada ya kumtaarifu mwenyekiti kwa ujumbe, na dai liletwe ndani ya siku 14. Likichelewa, lisubiri mkutano mkuu.

Hoja ya pili ni "sisi tunajitolea, hatulipi." Kama mkutano mkuu uliwasamehe wajumbe ada, uamuzi huo umo kwenye muhtasari na hakuna deni. Kama haumo, wanadaiwa sawa na wengine. Binafsi naona ni heri kuwapa posho ndogo inayosomeka kwenye vitabu kuliko msamaha wa ada, maana msamaha hausomeki kwenye vitabu, na huendelea kimyakimya hata mtu akishatoka kwenye kamati.

Nani aende, na aseme nini

Ziara moja ya ana kwa ana kabla ya barua. Msimtume kijana wa ukatibu kwa mzee wa miaka sabini akiwa peke yake. Wote wawili watadhalilika. Aende mwenyekiti na mjumbe mwingine anayelingana naye kwa umri, nyumbani kwake, si getini wala nje ya kanisa au msikiti. Kwenda na karatasi ya salio hubadilisha mazungumzo. "Shikamoo mzee. Tumekuletea salio la nyumba yako, tulilinganishe na risiti zako," hufungua mlango. "Mzee, watu wanalalamika hulipi," huufunga, tena kwa ufunguo.

Msikilize sababu, lakini usiahidi msamaha. Kamati ndogo ya watu wawili haina mamlaka hayo.

Kundi la WhatsApp liacheni nje ya suala hili. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina la mtu, namba yake na deni lake si vitu vya kurushwa hovyo. Na hata bila sheria, picha ya orodha ya wadaiwa ikishatoka haifutiki. Kwenye mkutano mkuu mhazini asome jumla: nyumba ngapi zinadaiwa, kiasi gani, na kati yake wajumbe wangapi. Hiyo idadi ya wajumbe isifichwe.

Barua, tarehe kwa tarehe

Mjumbe apate barua ileile, siku ileile ambayo mkazi mwingine angeipata. Kama kawaida yenu ni kukumbusha siku ya 30 na kuandika siku ya 60, isisogezwe mbele wala nyuma kwa sababu ya cheo. Barua iwe fupi:

"Ndugu, YAH: SALIO LA ADA, NYUMBA NA. 14. Kwa mujibu wa daftari la umoja, hadi tarehe 31 Mei nyumba yako inadaiwa Sh 200,000, yaani Sh 40,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Mei. Tafadhali lipa, au wasilisha risiti zinazoonyesha vinginevyo, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Ukihitaji kulipa kwa awamu, tuandikie ndani ya muda huohuo."

Atie saini kwenye daftari la kupokelea barua. Akikataa kusaini, aliyepeleka aandike tarehe, saa na jina la shahidi aliyekuwepo. Kipengele cha faini kiwekwe ikiwa tu kimo kwenye katiba au kanuni zilizopitishwa, na kiwe kiasi kimoja kisichozaa. Faini ya asilimia inayopanda juu ya faini nyingine hufanya deni lisilipike, halafu mnabaki mnagombania faini badala ya ada.

Mpango wa malipo ufuate msimu wa pesa yake

Arusha ina watu wengi wanaoishi kwa utalii. Dereva wa safari au mwongoza watalii ana Aprili na Mei kavu, kisha kazi hurudi Juni na kushika hadi Oktoba. Kumtaka alipe kwa mkupuo mwezi Mei ni kumfundisha kuzima simu. Tuseme anadaiwa ya Januari hadi Juni, Sh 240,000. Kuanzia Julai alipe Sh 60,000 ya deni juu ya Sh 40,000 ya mwezi husika, jumla Sh 100,000, kwa miezi minne. Oktoba amemaliza, kabla ya gharama za Desemba na ada za shule za Januari.

Mambo matatu yaandikwe kwenye makubaliano. Ada ya mwezi husika lazima ilipwe pamoja na awamu, la sivyo deni la zamani linapungua huku jipya likikua. Malipo huanza kufuta mwezi wa zamani zaidi. Na akikosa awamu mbili mfululizo, mpango umevunjika na suala linarudi kwenye kamati. Asaini yeye, mwenyekiti na mhazini, nakala tatu.

Mjumbe aliyefiwa au anayeuguliwa ni habari nyingine. Hapo mkutano unaweza kusogeza tarehe, na usogeze bila maneno mengi.

Kiti chake kwenye kamati

Wakati anadaiwa, asipige kura wala kukaa chumbani linapojadiliwa deni lake, msamaha au faini. Muhtasari uandike: "Mjumbe wa nyumba na. 14 alitoka saa 10:20 jioni, akarudi saa 10:45." Deni likifika siku 60, asiwe tena mtia saini wa benki. Ili saini yake iondolewe, benki huhitaji barua ya umoja na muhtasari wa kikao uliosainiwa. Msingoje hadi siku mnayotaka kumlipa mlinzi ndipo mgundue saini iliyobaki ni moja.

Kumfukuza kikaoni moja kwa moja kunaweza kuwarudia. Kamati ya watu saba yenye akidi (idadi ya chini ya kufanya kikao) ya wanne, wajumbe watatu wakisimamishwa, wamebaki wanne. Mmoja akisafiri kwenda msibani Rombo, hamna kikao, na mkataba wa kampuni ya ulinzi unaisha bila kuhuishwa. Kwa hiyo ni bora katiba iweke ngazi: baada ya siku 60 ananyimwa saini na kura kwenye mambo ya fedha, baada ya siku 90 bila kulipa wala mpango, kiti kinakuwa wazi na kujazwa kwenye mkutano mkuu. Ongezeni sentensi kwamba maamuzi yaliyopitishwa akiwa anadaiwa yanabaki halali.

Katiba isiposema lolote, kamati haiwezi kujitungia adhabu usiku mmoja. Peleka pendekezo mkutano mkuu, lipite kwa idadi ya kura inayotakiwa, na lianze kutumika kuanzia siku hiyo. Kuhusu tarehe ya mkutano: Arusha usiuite wiki ya Krismasi, nusu ya mtaa iko Kilimanjaro. Moshi ni kinyume chake. Wenye nyumba wanaoishi Dar es Salaam wako nyumbani wakati huohuo, akidi inapatikana.

Msifanye haya

Msimwagize mlinzi asimfungulie geti. Barabara ya mtaa si mali ya umoja, na mtu hazuiwi kuingia nyumbani kwake. Msiguse mita ya maji ya AUWSA au MUWSA, wala ya umeme ya TANESCO. Maji ya kisima chenu cha pamoja yanaweza kufungwa ikiwa tu kanuni zinaruhusu na notisi imetolewa, na mimi ningeiacha hiyo kabisa kwenye nyumba yenye watoto au mgonjwa.

Asipolipa kabisa

Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwaita pande zote mbili na kuwasuluhisha. Makubaliano yaandikwe na kupigwa muhuri hapo. Ikishindikana, madai ya kiasi hiki hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Swali litakaloulizwa mapema ni: anayedai ni nani? Umoja usiosajiliwa si mtu kisheria. Hata kuandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya peke yake hakutoshi kushtaki kwa jina la umoja. Kinachohitajika ni wadhamini waliosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Nyumba za ghorofa zilizo chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo zina utaratibu wao wa chama cha wamiliki na michango.

Faili la kwenda nalo: katiba, fomu au daftari linaloonyesha alijiunga, muhtasari uliopitisha ada, salio lililolinganishwa, barua zenye saini ya kupokea, na mpango uliovunjika kama ulikuwepo. Mkipungukiwa na muhtasari wa ada, rudini mkautafute kwanza.

Akimaliza kulipa, risiti ya mwisho iandikwe "salio: 0" na apewe siku hiyohiyo. Kura yake ya fedha irudi kwenye kikao kinachofuata. Saini ya benki hairudi yenyewe. Inahitaji muhtasari mpya, kama ilivyohitajika kuiondoa.