Kutuliza udongo mweusi wa mbuga kwa chokaa

Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Shinyanga au uwanda wa Athi, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Kalsiamu ya chokaa hupunguza uchu wake wa maji, kisha polepole huufunga kama saruji. Maelezo haya ni ya tabaka la sentimita 15 chini ya sakafu ya ghala au njia ya magari. Msingi wa nyumba usiutegemeze juu ya tabaka hili pekee, maana udongo wa mfinyanzi ulio chini yake bado utacheza.

Nunua chokaa iliyozimwa (iliyochomwa kisha ikatiwa maji kiwandani), ya unga, mifuko ambayo haijafunguliwa. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu; haitatuliza chochote hata ukiimwaga lori zima.

Kiasi kipimwe. Chukua chupa tano, kila moja gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa na mililita 100 za maji safi. Tia chokaa gramu 0.4, 0.6, 0.8, 1.0 na 1.2, yaani asilimia 2 hadi 6. Tikisa kila dakika 10 kwa saa nzima, kisha pima pH (kipimo cha uasidi na ualkali) kwa mita. Karatasi za rangi hazitoshi. Anzia na kiasi kidogo kabisa kinachofikisha 12.4, halafu maabara ithibitishe nguvu.

Tuseme ni asilimia 5. Udongo wenye kilo 1,400 kwa mita ya ujazo ukikauka unahitaji kilo 10.5 za chokaa kwa kila mita ya mraba ya tabaka la sentimita 15. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitameza kilo 210: mifuko tisa ya kilo 25.

Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi. Lima, vunja madonge, tandaza chokaa siku isiyo na upepo, changanya, mwagia maji. Funika kwa turubai siku moja hadi tatu. Hapo madonge magumu hulegea, na ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Changanya tena hadi donge kubwa lisizidi milimita 25, shindilia siku hiyohiyo, kisha weka unyevu siku saba. Tabaka likiachwa wazi likauke, hewa hurudisha chokaa kuwa jiwe lisilo na kazi.

Ukiona jasi (madini ya salfeti ya kalsiamu) udongoni, simama: jasi na chokaa huzaa fuwele zinazoinua sakafu.

Vaa miwani, barakoa, glavu na buti. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha nenda hospitali.